Klachi ya Hidroliki Ikisumbua: Ipime Kabla Hujashusha Giaboksi

Gia zikianza kugoma kuingia, jibu la haraka kwenye gereji nyingi ni kwamba klachi imekwisha, giaboksi ishushwe. Kwa sisi wa Kigoma jibu hilo ni ghali. Klachi pleti na presha pleti za baadhi ya magari hazipatikani madukani Mwanga, hapa mjini kwetu, siku hiyohiyo. Zinaagizwa Dar es Salaam au Mwanza, zinapakiwa kwenye basi, na muda wote huo gari liko juu ya stendi na mwenye gari hana kazi. Kinachoumiza zaidi ni pale giaboksi inaporudishwa na klachi mpya ndani yake, halafu gia bado zinagoma, kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye raba ndogo ya masta, ile silinda inayosukuma mafuta ya klachi. Raba hiyo ingejulikana kwa kipimo cha muda mfupi tu, bila kugusa bolti hata moja ya giaboksi.

Hizi hapa ndizo hatua ninazozifuata mimi, kwa mpangilio ninaoufuata, ili dereva ajue cha kumweleza fundi na fundi kijana ajue pa kuanzia. Zinahusu magari yenye klachi ya mafuta: Hilux, Land Cruiser, Hiace za gia za mkono, Canter na mengine mengi. Kirikuu, ile pikapu ndogo ya Suzuki Carry, inatumia waya, kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya haiihusu. Kama hujui gari lako ni la aina gani, fungua boneti uangalie upande wa dereva. Ukiona kikopo kidogo cha mafuta pembeni ya kile cha breki, au mpira mwembamba unaotoka kwenye kopo la breki kwenda kwenye silinda ndogo ya pembeni, gari lako ni la mafuta. Malori makubwa ya Fuso yana mfumo wa upepo unaomsaidia dereva kukanyaga, nao una vipimo vyake ambavyo sitaviingilia hapa.

Nguvu ya mguu inapita wapi

Ukikanyaga pedali, fimbo fupi inasukuma pistoni ya masta ya juu, ile iliyofungwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha dereva na injini. Mafuta ya breki, au fluidi kama tunavyoita gereji, yanasukumwa kupitia paipu ya chuma, kisha hosi ya mpira, hadi masta ya chini iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Masta ya chini inatoa fimbo yake, fimbo inasukuma foki, foki inasukuma rilizi beringi, na beringi inabonyeza vidole vya presha pleti, ile inayoibana klachi pleti. Hapo ndipo klachi pleti inaachiwa na injini inatengana na giaboksi.

Mguu wako unasafiri sentimita nyingi, lakini fimbo ya chini inasogea milimita chache tu. Ndiyo maana upepo kidogo ndani ya paipu, au raba inayovujisha kidogo, inatosha kuharibu kazi yote. Fluidi haibonyei, upepo unabonyea. Safari ya mguu inaishia kuubana upepo huo badala ya kuisogeza foki.

Hatua ya kwanza: je, klachi haikati au inateleza?

Haya ni magonjwa mawili yanayopingana, na ukiyachanganya utanunua vitu usivyovihitaji.

Klachi isiyokata ni ile ambayo hata ukikanyaga pedali mpaka chini, injini bado inazungusha giaboksi. Gia zinaingia vizuri injini ikiwa imezimwa, lakini ukiwasha zinagoma au zinakwaruza, hasa gia namba moja na rivasi. Wakati mwingine gari linajivuta lenyewe ukiwa umekanyaga klachi kwenye foleni.

Klachi inayoteleza ni kinyume chake. Gia zinaingia vizuri, ila ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki. Ukipanda ule mlima wa kutoka stesheni kuelekea Mwanga ukiwa na mzigo, kwa gia namba tatu au nne, utaiona waziwazi: mshale wa mizunguko unaruka juu, gari linabaki palepale, na harufu kali ya kuungua inaingia ndani.

Kipimo cha klachi isiyokata ni rahisi. Simamisha gari pahali tambarare, vuta hendibreki, acha injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta, gia ikiwa huru. Kanyaga klachi mpaka mwisho, subiri kama sekunde tano ili gia zilizokuwa zinazunguka zitulie, kisha ingiza rivasi. Nachagua rivasi kwa sababu kwenye magari mengi gia hiyo haina pete za kulinganisha mwendo, kwa hiyo haifichi kitu. Ikiingia kimya, klachi inakata. Ikikwaruza, haikati. Usiishie hapo. Ikiingia kimya, endelea kukanyaga klachi na mguu mwingine ukiwa kwenye breki, kwa dakika nzima. Kama baada ya muda gari linaanza kutaka kurudi nyuma lenyewe, au mguu wako unaendelea kuzama taratibu, kuna fluidi inayopita mahali isipopaswa kupita.

Ikiwa jibu ni kuteleza, mara nyingi tatizo ni pleti iliyolika au iliyolowa oili, na hapo giaboksi itashuka kweli. Lakini hata hapo kuna jambo la kuangalia kwanza. Kama fimbo ya pedali imekazwa kupita kiasi, au tundu dogo la kurudishia fluidi ndani ya masta ya juu limeziba, au hosi imevimba kwa ndani, presha inabaki kwenye mfumo hata mguu ukiwa umetolewa. Ni sawa na dereva anayeendesha huku amekanyaga klachi nusu. Ili kujua, subiri gari linapoteleza, kisha simamisha gari na legeza nipeli ya masta ya chini, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo. Ikitoka fluidi kwa nguvu na klachi ikashika ghafla, pleti bado ina maisha na shida iko kwenye mafuta.

Kuanzia hapa nitashughulika na klachi isiyokata, kwa sababu ndiyo inayofanya giaboksi isingiziwe mara nyingi zaidi.

Hatua ya pili: soma kopo

Futa kifuniko na pembeni yake kabla ya kufungua. Vumbi letu la kiangazi, lile jekundu la barabara za vijijini, likidondokea ndani linageuka msasa wa kula raba.

Angalia kiwango. Fluidi ya klachi haipungui kwa kutumika. Kadiri klachi pleti inavyolika, vidole vya presha pleti vinasukuma pistoni ya masta ya chini irudi ndani, na fluidi inapanda kidogo kwenye kopo. Kwa hiyo kopo la klachi linalojitegemea likipungua, kuna sehemu inayovuja. Usikubali maelezo mengine yoyote. Kwenye magari ambayo breki na klachi zinatumia kopo moja, kupungua kunaweza pia kutokana na pedi za breki zilizolika, kwa hiyo kagua na pedi. Katika kopo la namna hiyo tundu la kwenda kwenye klachi huwekwa juu kuliko la breki, makusudi, ili uvujaji wa klachi usimalize fluidi ya breki. Kwa gari kama hilo, klachi kufa ghafla ni onyo kwamba fluidi imeshuka, na safari iishie hapo mpaka ujue imekwenda wapi.

Kisha angalia rangi. Fluidi mpya ni angavu au ya njano hafifu. Ikiwa nyeusi yenye chembechembe, raba za masta zinalika. Ikiwa na ukungu, imekunywa maji, maana fluidi ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, hufyonza unyevu wa hewani, na sisi tulio kando ya ziwa unyevu hatuukosi. Maji hayo yanaleta kutu ndani ya silinda.

Kuna kipimo kimoja ninachokifanya kila mara gari likija bila historia ya kueleweka. Vuta fluidi kidogo kwa bomba la sindano, idondoshe kwenye glasi ya maji safi, koroga. Fluidi ya breki inachanganyika na maji na kupotea. Ukiona duara la mafuta linaelea juu, mtu amemimina oili ya injini, ya stelingi au ya giaboksi. Hiyo ni habari mbaya, kwa sababu oili hizo, zinazotokana na petroli, zinavimbisha raba za mfumo huu. Kumwaga na kuweka fluidi nyingine hakutoshi. Raba zote zilizoguswa lazima zibadilishwe, na kama kopo ni moja na la breki, basi na za breki pia. Mwambie mwenye gari ukweli huo hata kama hataupenda, maana hapo kinachozungumzwa ni uhai wa watu kwenye mteremko wa Manyovu.

Hatua ya tatu: pedali na masta ya juu

Lala chali sakafuni upande wa dereva, ukiwa na tochi. Shika pale fimbo ya masta inapoungana na pedali. Kuna pini inayopita kwenye tundu. Tikisa. Kwenye magari yaliyofanya kazi miaka mingi tundu hilo huacha kuwa duara, likarefuka, na pini ikalika upande mmoja mpaka ikaingia kiuno. Milimita mbili au tatu zilizopotea hapo zinazaa upungufu kule chini, na hakuna kutoa upepo kutakakoziba pengo hilo. Mwambie msaidizi akanyage huku wewe ukitazama: je, kishikio cha pedali kimepasuka? Je, bati la ukuta linajikunja masta inaposukumwa? Nimeona masta mpya zikifungwa kwenye bati lililopasuka, na lawama zikaenda kwa muuzaji wa vipuri.

Sasa sukuma pedali kwa kidole. Mwanzoni kabisa kuwe na nafasi ndogo kabla fimbo haijagusa pistoni. Kwa Toyota nyingi nafasi hiyo ni milimita 1 hadi 5 ikipimwa juu ya pedali. Ikizidi sana, unapoteza safari. Isipokuwepo kabisa, pistoni hairudi hadi mwisho, tundu la kurudishia fluidi halifunguki, na klachi itaanza kuteleza ikipata joto.

Kunja ule mpira wa vumbi unaoifunika fimbo inapoingia kwenye masta. Pakiwa na majimaji, raba ya nyuma ya masta ya juu imekwisha. Madereva wengi huona zulia limelowa na kudhani ni maji ya mvua. Gusa kwa kidole: maji hukauka, fluidi inabaki ikiteleza na inabandua rangi ya bati.

Halafu kanyaga kwa mguu, injini imezimwa, usikilize mguu unakwambia nini. Pedali laini inayodunda, ambayo ukiipampu mara kadhaa inapanda na gia zinaingia, ina upepo ndani. Pedali inayoanza ngumu kisha inazama polepole chini ya mguu uliotulia, na hakuna tone linalodondoka popote, ni ya masta ya juu ambayo raba yake ya mbele inavujisha kwa ndani: fluidi inaizunguka pistoni na kurudi kwenye kopo. Inayolala chini isirudi kabisa, karibu kila mara fluidi imekwisha au kuna paipu iliyofunguka. Inayorudi kwa uvivu inakutaka uichunguze hosi. Na ile nzito, inayochosha goti, mara nyingi inatokana na presha pleti iliyochoka au egemeo la foki lililokauka grisi.

Hatua ya nne: shuka chini upime milimita

Hiki ndicho kipimo kinachomaliza ubishi, na ndicho kinachorukwa zaidi. Weka vigingi kwenye matairi, inua gari, liweke juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi, tena kwenye udongo wetu wa kichanga. Hakikisha gia iko huru na injini imezimwa.

Tafuta masta ya chini ubavuni mwa giaboksi. Ifute kwanza. Vuta mpira wake wa vumbi. Unyevu mwembamba tu si hoja, lakini fluidi ikimwagika ukivuta mpira, raba imekufa na umeshapata mgonjwa wako. Magari yanayoshuka kupakia dagaa pale Kibirizi hupata shida hii mapema, kwa sababu mchanga na maji vinaingia kupitia mpira wa vumbi uliochanika na kukwaruza silinda. Mpira huo usipuuzwe eti ni wa nje tu.

Kama ni pakavu, chukua rula ya chuma. Weka alama ya chaki kwenye fimbo au kwenye ncha ya foki. Kisha mwite msaidizi:

"Mdogo wangu, kanyaga mpaka chini, taratibu."

"Nimekanyaga, fundi."

"Shikilia hapohapo, usitoe mpaka nikwambie."

Soma fimbo imesogea kiasi gani. Kitabu cha gari kinatoa namba kamili, lakini kwa pikapu na magari madogo mengi natarajia sentimita moja hadi moja na nusu, au zaidi. Kisha usiondoe macho. Kwa dakika nzima ya kushikilia, fimbo isirudi hata kidogo.

Matokeo yako matatu. Fimbo ikisogea safari yake yote na kutulia, hidroliki ni nzima, na kama gia bado zinagoma basi ugonjwa uko ndani: foki iliyopinda au kupasuka, egemeo lake lililolika, pleti iliyopinda, au vidole vya presha pleti vilivyovunjika. Hapo shusha giaboksi kwa moyo mweupe. Fimbo ikisogea kidogo, au isisogee kabisa, giaboksi haina kosa. Fimbo ikisogea vizuri halafu ikarudi polepole huku pedali imeshikiliwa, presha inatoroka, na unatakiwa kujua inatorokea wapi.

Msaidizi akiwa bado anakanyaga na kuachia, shika hosi ya mpira kwa kiganja. Ukihisi inatuna kila anapokanyaga, imechoka na inakula safari ya fluidi. Itazame pia ilipopinda: nyufa za juu ni dalili ya hali ya ndani.

Kwa magari ambayo masta ya chini iko ndani ya giaboksi, ikizunguka shafti pamoja na beringi, huna fimbo ya kupima. Angalia tundu la chini la nyumba ya klachi. Likidondosha majimaji, fanya kile kipimo cha glasi ya maji. Yakichanganyika na maji, ni fluidi ya masta hiyo ya ndani. Yakielea, ni oili ya sili ya nyuma ya injini au ya giaboksi. Oili ya giaboksi ina harufu yake kali ya kiberiti.

Hatua ya tano: tenganisha masta ya juu na ya chini

Sasa unajua presha inapotea, lakini hujui kwa nani. Wengi wananunua zote mbili kwa kubahatisha. Mimi naziba tundu la masta ya juu linalotoa fluidi kwenda chini na kuiacha ifanye kazi peke yake.

Kifaa chenyewe unakitengeneza mwenyewe. Chukua kipande kifupi cha paipu kuukuu ya breki chenye nati yake, inayolingana na uzi wa masta. Kata, kunja ncha, mpelekee mtu wa kuchomelea aizibe kabisa. Fungua paipu ya chuma kwenye masta ya juu, funga kipande chako, kanyaga taratibu huku nati imelegezwa kidogo ili upepo utoke, kisha kaza. Kanyaga tena.

Pedali iwe ngumu karibu mara moja, na ibaki hapo hata ukiegemea kwa uzito wako kwa dakika nzima. Ikiwa hivyo, masta ya juu haina kosa, tafuta chini yake: hosi, maungio ya paipu, masta ya chini. Ikizama, masta ya juu ndiyo mbovu, hata kama ni kavu kwa nje na hata kama mtu ameapa kwamba ni mpya.

Wapo wanaobana hosi ya mpira kwa plaizi ya kujifunga ili kupata jibu lilelile. Hosi ya zamani ikibanwa hivyo inapasuka kwa ndani, nyuzi zinaachana, na unaondoka na ugonjwa ambao haukuwepo ulipofika. Kipande cha paipu kinakaa mfukoni na hakimwumizi mtu.

Hatua ya sita: kutoa upepo ipasavyo

Ukiwa umefungua chochote, au pedali inadunda, toa upepo. Tumia fluidi mpya kutoka chupa iliyofungwa. Chupa iliyokaa wazi rafuni imeshakunywa unyevu. DOT 3 na DOT 4 zinaweza kuchanganywa, lakini ile DOT 5 ya silikoni usiiguse kwenye gari la fluidi ya kawaida. Kinga macho, na ikidondoka kwenye rangi ya gari imwagie maji mara moja.

Vika mpira mwembamba unaoonesha kilichomo ndani kwenye nipeli, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye fluidi kidogo. Tumia spana ya ringi inayokaa sawasawa, kwa kawaida 8 au 10, kwa sababu nipeli iliyokaa na kutu ikizungushwa kwa spana iliyolegea inakatika. Msaidizi akanyage na kushikilia. Wewe fungua, fluidi na mapovu yatoke, funga, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, upepo unarudi ndani na kazi inaanza upya. Endelea mpaka fluidi itoke safi bila povu, na kila baada ya mikanyago michache tazama kopo lisikauke.

Pedali ikikataa kupanda baada ya kazi hiyo yote, angalia nipeli imekaa wapi. Upepo hukaa juu, kwa hiyo nipeli lazima iwe sehemu ya juu kabisa ya silinda. Kwenye magari mengine inabidi uifungue masta ya chini bila kuondoa paipu, uiinamishe nipeli itazame juu, huku fimbo ikizuiwa isiruke. Njia nyingine inayofanya kazi vizuri: nipeli ikiwa imefungwa, isukume fimbo ya masta ya chini ndani kwa mkono, polepole, mara kadhaa. Mapovu yatapanda na kutokea kwenye kopo. Mtu awe anatazama kopo lisimwagike.

Upepo ukirudi baada ya siku chache, kutoa tena ni kupoteza fluidi. Kuna raba inayoruhusu upepo kuingia pistoni inaporudi, hata kama haivujishi tone kwa nje.

Raba au masta nzima?

Raba za seti ni nafuu na zinatosha, kwa sharti moja. Toa pistoni, safisha silinda kwa fluidi mpya au spiriti, kamwe si kwa petroli wala dizeli, kisha pitisha ukucha ndani. Ukucha ukikwama kwenye mfereji au shimo la kutu, nunua masta nzima. Raba mpya kwenye silinda yenye mashimo italika upesi, na kusugua kwa msasa kunaongeza upana wa silinda na kuharakisha uvujaji.

Nenda dukani na masta kuukuu mkononi. Nyingine zimeandikwa kipenyo ubavuni, kwa mfano 5/8, yaani inchi, ambayo ni milimita 15.87. Masta ya juu inayofanana kwa sura lakini yenye kipenyo kidogo zaidi itafungika vizuri, na klachi haitakata, kwa sababu inasukuma fluidi kidogo. Kama zote mbili zina umri mmoja na moja imekufa, nashauri raba za nyingine zibadilishwe siku hiyohiyo.

Kama hidroliki ni nzima

Sikiliza kabla ya kushusha. Kelele inayokuja ukikanyaga pedali na kupotea ukiachia ni ya rilizi beringi. Inayosikika gia ikiwa huru na mguu umetolewa, kisha ikanyamaza ukikanyaga, ni ya beringi ya mbele ya giaboksi. Gari lililosimama masika nzima bila kuwashwa linaweza kuwa na pleti iliyoganda kwa kutu kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, na hapo fimbo ya chini itakuonesha safari kamili huku klachi haikati kabisa.

Ikikufia njiani

Tuseme uko kati ya Kasulu na Kibondo, pedali imelala. Egesha, tazama kopo. Kama limekauka, ongeza fluidi, pampu pedali mara nyingi, mara nyingine inapanda vya kutosha kukufikisha. Chupa ndogo ya fluidi ikae kwenye gari siku zote, ili usishawishike kumimina oili ya injini. Kama kopo ni moja na la breki, jaribu breki kwanza gari likiwa limesimama. Pedali ya breki ikiwa laini, usiondoke.

Breki zikiwa nzima na barabara ikiwa tambarare, gari linaweza kwenda bila klachi. Zima injini, ingiza gia namba moja, hakikisha hakuna mtu mbele, kisha piga stata. Litaruka kidogo na kuanza kutembea. Kubadili gia, toa mguu kwenye mafuta, vuta gia itoke, subiri mizunguko ishuke, sukuma gia ya juu kwa upole bila kulazimisha. Baadhi ya magari hayapigi stata bila pedali ya klachi kufika chini, kwa hiyo ikanyage hata kama imekufa. Usijaribu haya kwenye milima ya Kalinzi wala ukiwa na abiria. Na unapotaka kusimama, toa gia mapema ukiwa bado unatembea, kisha tumia breki.